Mguu wa Nne wa Nyangumi

St. Cloud, Florida
9 Machi 2011

Mwanangu Corinne,

Mama yako mdogo Nadine anakusalimu. Goti limemsumbua wiki nzima, lakini bado anapanda ngazi kuchuma mabalungi akidhani simwoni. Mwaka huu mibalungi imezaa hadi tunawagawia majirani tusiowapenda. Mimi ni mzima. Barua yako ya Januari, ile ya safari ya Denver, niliipata. Niliisoma mara mbili, na bahasha yake pia niliitazama vizuri.

Sasa jambo lenyewe. Jumatatu walituita mafundi wote kumi na mmoja, wakatugawia donati. Kwenye bustani yetu ya michezo ya Silver Heron ukiona donati za bure, ujue kuna mtu anafukuzwa. Meneja wetu, Bi. Haskell, akasimama akasema, "Jamani, Nyangumi anastaafu." Alitabasamu utadhani anatangaza harusi ya bintiye. Mwisho ni tarehe thelathini Aprili. Wanabomoa chumba chake na mitambo yote, na mahali pake watajenga mchezo mpya unaoitwa Mabawa.

Nikamuuliza, "Anastaafu kwa ugonjwa gani?"

"Uchakavu tu, Delbert."

"Uchakavu upi? Mimi ndiye ninayemkagua kila asubuhi, na kila asubuhi natia sahihi."

Akatazama karatasi zake. "Miaka ishirini na moja ni mingi, Delbert. Kula donati."

Sikula. Januari walimfunga siku tatu, wakatuambia tukae nyumbani, wanapaka rangi. Tuliporudi hapakuwa na harufu ya rangi. Palikuwa na bati jipya la chuma limechomelewa chini ya mguu wa nne, na amri kutoka ofisini kwamba tupunguze mtikisiko kwa nusu. Nyangumi aliyekuwa akiwaangusha watu arobaini kwenye kina cha bahari ya filamu hadi kofia zinaruka, sasa anawabembeleza kama kiti cha kubembea cha bibi kizee. Nikiuliza kwa nini, kila mtu ana haraka.

Kuna mtu alipeleka neno. Wewe unachora michezo ya bustani kama hizi huko Burbank, na najua nyie wachoraji mnaambiana mambo. Umesikia nini? Niandikie. Usinipigie simu, nilishakwambia simu za siku hizi zinasikilizwa.

Baba yako mdogo,
Delbert


Burbank, California
2 Aprili 2011

Baba mdogo, shikamoo.

Naomba radhi kwa kuchelewa. Kazi zimenibana. Mama alinipigia kutoka Valdosta, ni mzima, ameanza kuimba tena kanisani na anasema mpiga kinanda mpya hajui anachofanya. Mwambie Mama mdogo Nadine ashuke kwenye ngazi.

Habari za Nyangumi zimeniuma. Unakumbuka kiangazi kile Baba alipofariki? Nilikuwa na miaka tisa. Ulinichukua kazini kwako kwa sababu Mama hakuweza hata kunisuka nywele. Siku ile nilimpanda Nyangumi mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili uliniambia, "Sasa njoo uone uongo wenyewe," ukanishusha chini. Nikaona hakuna bahari, ni chumba tu, mbele kuna filamu, na chini miguu sita ya chuma inasukumwa na oili. Nilidhani nitasikitika, kumbe nilifurahi. Nikajua mtu akishika vyuma vizuri anaweza kuwafanya watu arobaini wasahau msiba. Kazi yangu ilianzia chini pale.

Kuhusu uliloniuliza, katika kazi yetu maneno ni mengi na mengi ni ya uongo. Bustani zote zinabadilisha michezo ya zamani. Sidhani kama yupo mtu aliyekulenga wewe.

Siku ya mwisho sitaweza kufika. Naomba umpigie saluti kwa niaba yangu.

Mwanao,
Corinne


St. Cloud
8 Mei 2011

Corinne,

Nadine anakusalimu. Goti lilipasuliwa, linaendelea vizuri, na ngazi nimeificha kwa jirani. Joto limeingia na wadudu wamejaa kwenye kioo cha gari.

Nimempumzisha Nyangumi. Foleni ilianza getini kabla jua halijachomoza. Mwanamume mmoja kutoka Tampa alikuja amevaa sare ya nahodha wa filamu ya Nyangumi aliyoishona mwenyewe. Analia, jasho linamtoka, na bado anawaeleza watoto wa watu kwamba filamu ya kwanza ya mwaka tisini ilikuwa nzuri zaidi. Mama mmoja alikuja na binti yake mjamzito, akasema, "Huyu nilimleta akiwa tumboni, na mlangoni walinikatalia. Leo wamemkatalia yeye." Wakacheka, wakakaa kwenye benchi kusikiliza tu mngurumo. Safari ya mwisho waliniachia mimi nibonyeze kitufe cha kusimamisha. Chumba kikashuka polepole, watu wakapiga makofi, halafu wakakaa tu. Hakuna aliyefungua mkanda. Ikabidi niingie mwenyewe niseme, "Haya, nendeni nyumbani."

Nimehamishiwa kwenye farasi wa kuzunguka, wale wa mbao wa watoto. Nimebakiza miezi kumi na minane nistaafu.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita nilikuwa na zamu ya kusaidia geti la wafanyakazi. Mlinzi Tibbets akaenda chooni, daftari la wageni likabaki mezani. Nikafungua Januari. Tarehe kumi na nane, kumi na tisa na ishirini, siku zile zile za rangi isiyo na harufu, kuna wageni wanne kutoka Burbank. Wa tatu ameandikwa C. Stovall.

Sisi akina Stovall hatuko wengi kiasi hicho.

Tena nilikwambia niliitazama bahasha. Barua yako ilisema upo Denver, baridi inakukata masikio. Mhuri wa posta ulikuwa wa Orlando. Nilikaa kimya miezi minne nikisubiri uniambie mwenyewe. Nakuuliza mara moja tu: ulikuja kufanya nini, na kwa nini hukuja kula nyumbani?

Delbert


St. Cloud
19 Juni 2011

Corinne,

Nadine mzima. Anasema labda barua yangu imepotea njiani. Miaka thelathini naandika barua, haijapotea hata moja. Zinazopotea ni zile ambazo mtu hataki kuzijibu.

Jana walibandika picha ya Mabawa kwenye ukuta. Chini kwa herufi ndogo kuna jina la kampuni yenu. Basi nimeelewa. Ulijua pa kupima kwa sababu mimi nilikuonyesha. Nilikushika mkono nikakushusha chini, mtoto wa kaka yangu, nawe umekua ukarudi na futi ya kupimia.

Usiniletee habari za Denver tena.

D.


Burbank
11 Julai 2011

Baba mdogo, shikamoo, japo najua hutaitikia.

Barua haikupotea. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, ninatembea nayo kila siku.

Ni kweli. Mabawa nimechora mimi. Si peke yangu, lakini wazo ni langu: viti vinaning'inia mbele ya picha kubwa ya duara, vinaendeshwa kwa umeme, hakuna oili. Nilikuja Januari kupima eneo na kuangalia mitambo ya Nyangumi. Nilikuwa nimetia sahihi mkataba wa kutosema, hata kwa ndugu. Denver nilidanganya. Barua niliiandika hotelini, kilomita ishirini kutoka mezani kwenu, na nilipoidondosha kwenye sanduku la posta sikufikiria mhuri. Mimi ni mwizi asiyejua kuiba.

Lakini Nyangumi sikumuua kwa ajili ya mchoro wangu. Tulipokuja, mpango ulikuwa kumwacha aendelee miaka mitano na Mabawa yajengwe upande wa ziwa. Mambo yakabadilika tukiwa pale pale, ndani ya siku tatu zile. Kwa nini yalibadilika sitakwambia, wala sababu si mkataba. Nikasirikie kwa kukuficha safari. Hilo lingine niachie mimi.

Mwambie Mama mdogo nampenda.

Corinne


St. Cloud
30 Agosti 2011

Corinne,

Mvua inanyesha kila siku saa tisa alasiri. Nadine anatembea bila fimbo, na ameipata ngazi.

Huwezi kumwambia fundi "niachie mimi" halafu ukategemea alale usingizi. Nilianza kuwaangalia wote. Bi. Haskell akiniona anabadili njia. Wenzangu wakiwa wanaongea, nikikaribia wanatabasamu tu. Nikasema, hawa wote wanajua kitu, mimi ndiye nimeachwa nje.

Ijumaa wakati wa chakula cha mchana nilikwenda nyuma ya karakana, kule wanakorundika vyuma vya kuuza kwa uzani. Miguu sita yote ipo, imelazwa kwenye majani. Nikaanza wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye kitako cha wa nne, bati likiwa limeng'olewa, pale penye mshono, nikakuta ufa. Si mwembamba kama unywele, mwanangu. Sarafu ya senti kumi iliingia ikasimama. Pembeni kuna duara la rangi nyekundu na tarehe 19 Januari, na hiyo tisa yenye mkia uliopinda naijua, nimeiona kwenye kadi za Krismasi tangu ukiwa darasa la tatu.

Ndani ya ufa kulikuwa na kutu nzito ya rangi ya kahawa, na rangi yako nyekundu ilikuwa imedondokea juu yake. Ufa mpya hauna kutu. Ule ulikuwepo mwaka mzima, labda zaidi. Na mwaka mzima mimi nimetia sahihi kila asubuhi: mguu wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu sawa, wa nne sawa. Watu arobaini kila dakika sita.

Nilikaa pale kwenye majani mpaka Tibbets akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia, "Naangalia vyuma."

Nimeomba kuona taarifa ya ukaguzi. Wamenionyesha ukurasa mmoja. Imeandikwa "uchakavu wa jumla". Jina la mkaguzi halipo. Jina langu limetolewa, Corinne. Nani kalitoa? Na ulijua nini kingine?

Delbert


Burbank
14 Septemba 2011

Baba mdogo,

Salamu zangu fupi leo, nikirefusha nitakosa ujasiri.

Asubuhi ya tarehe kumi na nane, kabla hawajawarudisha nyumbani, tulisimama nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo kuangalia ukaguzi wa kawaida. Nilikuwa nimevaa kofia ngumu na miwani ya kazi. Ukaingia. Nilikuwa karibu nigonge kioo. Halafu Nyangumi akawashwa, na kila mara chumba kilipoinama kushoto, mguu wa nne ulilia kama mlango wa banda uliokufa bawaba. Mimi nilisikia nyuma ya kioo. Mwenzangu alishika masikio.

Wewe ulichukua ule mpini wako wa fagio wa kusikilizia vyuma, ukauweka kwenye mguu wa nne, ukalaza sikio la kushoto juu yake kama ulivyonifundisha. Ukasikiliza kwa makini kabisa, umefumba macho. Mguu unalia. Ukatingisha kichwa, ukaandika "sawa".

Hapo nikaelewa kwa nini miaka mitatu iliyopita uliacha simu ukasema zinasikilizwa. Kwa nini mezani unamwacha Mama mdogo ajibu. Baba mdogo, hakuna aliyekuwa anasikiliza simu yako. Wewe ndiye uliyekuwa husikii.

Siku iliyofuata nilishuka chini na taa, nikaupata ufa, nikauzungushia rangi. Nilimwambia Bi. Haskell asimfungue tena Nyangumi. Akakubali bati na nusu ya mtikisiko, na kufunga kabisa Aprili. Nilitaka afunge pale pale. Nilipiga kelele, sikushinda. Kisha nikamwomba jina lako lisiandikwe. Hilo alikubali haraka, kwa sababu hata yeye hakutaka maswali.

Nilipita karibu nawe mlangoni. Uliniambia, "Angalia hatua, binti, sakafu ina oili." Hukunitambua. Nami nikashukuru.

Sikuja kula kwa sababu nisingeweza kukaa mezani penu nikakutazama.

Corinne


Burbank
10 Desemba 2011

Baba mdogo, shikamoo.

Mama yupo hapa kwangu kwa sikukuu, anapika kuku wa kukaanga na kuusema ukubwa wa jiko langu. Anawasalimu.

Miezi mitatu sijapata neno kutoka kwako. Sikukuu ya Shukrani nilipiga simu, Mama mdogo akasema upo uani na huwezi kuja. Nilisikia unakohoa karibu naye. Sitauliza chochote. Nataka tu kujua kama mibalungi imezaa.

Corinne


St. Cloud, Florida
27 Mei 2012

Mwanangu Corinne,

Mibalungi ilizaa, matunda yakaliwa, yakaisha. Nadine mzima. Mama yako ametuandikia kurasa sita, kurasa tano zinamhusu mpiga kinanda.

Barua yako ya Septemba niliitupa. Kesho yake nikaitoa kwenye pipa, nikaipangusa kahawa, nikaisoma tena. Nilikuchukia kama wiki mbili hivi, nisikudanganye. Kisha siku moja kwenye farasi wa mbao kuna katoto kalikuwa kanalia, mguu umebanwa kwenye kikanyagio. Mama yake anapiga kelele, "Zima! Zima!" Mimi nimempa mgongo, nafuta nguzo ya shaba. Aliyezima ni muuza popkoni, aliruka kutoka kibandani kwake. Mtoto alichubuka tu. Mama akaniuliza, "Wewe mzee, husikii?"

Hata aliyekuwa ananitukana alikuwa amesema kweli, nikaona nimebaki peke yangu na uongo wangu.

Nikaenda kwa Bi. Haskell. Nikamwambia, "Ukaguzi wa mguu wa nne ulikuwa wangu. Sisikii sikio la kushoto, na la kulia linafuata. Andika jina langu kwenye taarifa."

Akafunga mlango. "Delbert, hilo limekwisha. Umebakiza mwaka mmoja tu. Kaa na farasi wako."

"Farasi nao wanapandwa na watoto."

"Ukiniandikisha hili itabidi niandike na kwa nini nilimwacha Nyangumi atembee mpaka Aprili."

"Basi tutaandika wote wawili," nikamwambia. "Kalamu ninayo."

Hakuandika. Nikaandika mimi, kurasa mbili, nikapeleka nakala kwa wakaguzi wa serikali kule Tallahassee. Walikuja, wakauliza, wakapima. Bi. Haskell hayupo tena pale, na mimi pia sipo. Wenzangu wawili hawanisalimii. Tibbets alinikumbatia. Nimewekewa vifaa vya kusikia masikioni, na nimegundua kwamba jokofu letu lina kelele na kwamba Nadine ananisema peke yake jikoni. Nilimuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu uliposhindwa kunisikia. Ilikuwa raha yangu, sasa umeiharibu."

Jana Mabawa yamefunguliwa. Tulikata tiketi kama wageni wengine, tukapanga foleni saa mbili kwenye jua, Nadine ameshika mwavuli. Mbele yetu alikuwa yule nahodha wa Tampa, sare ile ile, ameapa kwamba anakuja kuchukia tu. Tukafungwa kwenye viti, sakafu ikaondoka, miguu ikabaki hewani. Nilivua vifaa nikavirudisha, nikavivua tena. Hakuna mngurumo wala harufu ya oili. Tulipaa juu ya vinamasi, ndege weupe wakitupisha, na Nadine alinishika mkono kwa nguvu ambazo hajawahi kunishika nazo tangu tukiwa wachumba. Nahodha alipiga mayowe tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliposhuka alikasirika sana, akarudi kwenye foleni.

Mimi sikuyapenda. Ni laini mno, mtu hajui kinachombeba. Nadine anasema ni kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kupanda, na nadhani ana haki. Uliyachora vizuri. Hilo nimelisema na sitalirudia.

Tulipotoka nikamuuliza kijana wa mlangoni nani anakagua viti asubuhi. Akasema kompyuta. Nikamuuliza, na nani anaikagua kompyuta? Akacheka, akadhani natania. Sijalala vizuri tangu jana.

Corinne, nataka jina la mtu anayeikagua. Kisha nataka uje, ukae kwetu, ule, na asubuhi uende ukasimame umwangalie akifanya kazi yake mwanzo mpaka mwisho, kama ulivyoniangalia mimi. Ila usisimame nyuma ya kioo. Ukiona jambo, gonga. Hata kama ni mtu wako, gonga.

Nadine ameshatandika kitanda cha chumba cha nyuma. Lete koti jepesi la mvua.

Wako asiye na kazi, anayekusubiri,
Baba mdogo Delbert